Je, Wajua? Mwili Hauzoei

Je, wajua kwamba msichana anayeshikwashikwa kazini akiwa na miaka 22 anaweza kuja kukutwa na presha akiwa na miaka 45, na asitokee hata mtu mmoja wa kuyaunganisha mambo hayo mawili? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Rebecca Thurston, waliwaita wanawake 304 wenye umri wa kati ya miaka 40 na 60, wote wasiovuta sigara. Waliwapima presha, uzito na urefu, wakawauliza wanavyolala na yaliyowahi kuwapata. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Karibu mmoja kati ya kila watano alisema amewahi kunyanyaswa kingono kazini. Kwa wale ambao hawakuwa wakimeza dawa za presha, walionyanyaswa walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa na presha ya juu kuliko wenzao. Usingizi wao pia ulikuwa mbovu zaidi.

Nani kati yetu amewahi kuulizwa na muuguzi, kile kitambaa cha kupimia kikiwa kinamkaza mkono, kama kuna mtu kazini anayemsumbua? Tunaulizwa habari za chumvi. Tunaulizwa kama baba au mama ana presha. Tunaambiwa tupunguze mafuta na tutembee. Maswali hayo ni ya lazima, wala simlaumu muuguzi mwenye foleni iliyofika hadi getini. Lakini swali la unyanyasaji nalo linastahili nafasi kwenye karatasi ileile.

Je, wajua kwamba hata wauguzi wenyewe hawakusalimika? Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 wa Marekani kwa miaka 7, waliotoka katika utafiti mkubwa wa afya za wauguzi. Mwanzoni hakuna aliyekuwa na presha. Walionyanyaswa kingono kazini walikuwa na hatari ya kuipata iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 15. Wale waliopata yote mawili, unyanyasaji kazini na kushambuliwa kingono, hatari yao ilizidi kwa asilimia 21. Tafiti za namna hii huonyesha uhusiano, hazimwambii mwanamke mmoja mmoja kwamba presha yake imetoka kwa fulani. Ila uhusiano huo umejirudia mara nyingi kiasi kwamba haufai kupuuzwa.

Unatokeaje? Mfuate binti mmoja asubuhi. Amefika kituoni saa kumi na mbili na nusu, daladala imejaa, na nyuma yake amesimama mwanamume ambaye jana alijibana kwake kwa makusudi. Kabla hajaguswa, ubongo wake umeshaagiza adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu inajikaza, sukari inamwagwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Lakini hakimbii, maana akishuka atachelewa kazini. Kisha inakuja kortisoli, homoni ya msongo, kuuweka mwili katika hali ya tahadhari. Hatari ikiisha, vyote hivyo vinapaswa kushuka. Kwake havishuki, kwa sababu jioni kuna daladala nyingine, na ofisini kuna meneja anayependa kumkanda mabega akiwa amekaa kwenye kompyuta. Mwili wake ni kama jenereta ambayo hakuna anayeizima hata umeme ukirudi. Miaka ikipita, mishipa inayokazwa kila siku inakuwa migumu, na moyo unasukuma damu kwa nguvu zaidi ili kufanya kazi ileile.

Na usingizi? Kortisoli inatakiwa iwe chini usiku. Ikikaa juu, mtu analala kwa mang'amung'amu, anashtuka saa nane, anaamka amechoka.

Je, wajua kwamba ushauri wa "mpuuze tu, utazoea" haukubaliani na yaliyoonekana kwenye tafiti? Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, wakiwamo Vicki Magley na Louise Fitzgerald, walichapisha uchunguzi kuhusu wanawake wafanyakazi waliofanyiwa vitendo vya unyanyasaji. Baadhi walikiri kwamba wamenyanyaswa. Wengine walifanyiwa vitendo vilevile lakini wakasema hapana, ule haukuwa unyanyasaji, ni tabia yake tu. Walipolinganishwa, makundi yote mawili yalikuwa yameumia kwa namna inayofanana. Aliyesema "ni utani" na aliyesema "ni unyanyasaji" waliondoka na madhara yaleyale. Binafsi, hili ndilo lililonigusa kuliko yote niliyoyakusanya hapa. Ni mara ngapi shangazi, mama mdogo au dada mkubwa ofisini amemwambia binti, kwa nia njema kabisa, "Mwanangu, wanaume ndivyo walivyo, zoea"? Binti anaweza kuzoea kunyamaza. Anaweza kuzoea kutabasamu. Moyo wake, tumbo lake na usingizi wake havizoei.

Wajua tumbo linavyosema? Oktoba 1991, mwanasheria Anita Hill alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani akaeleza aliyodai kufanyiwa na aliyekuwa bosi wake, Clarence Thomas, ambaye wakati huo alikuwa ameteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Wengi wanakumbuka maneno ya aibu aliyolazimika kuyarudia hadharani. Wachache wanakumbuka alichosema kuhusu afya yake: Februari 1983, akiwa na miaka 26, alilazwa hospitalini kwa dharura siku 5 kwa maumivu makali ya tumbo, na yeye aliamini yalitokana na msongo wa kazini. Thomas alikana madai yote na akapitishwa kuwa jaji. Tumbo na ubongo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu, ndiyo maana mtu mwenye hofu ya kudumu huweza kupata kiungulia, kuharisha, au maumivu ambayo kipimo hakioni chochote.

Shingo je? Carmita Wood alikuwa karani katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1970. Kwa muda mrefu alikuwa akimkwepa mkubwa wake aliyekuwa akimgusagusa. Alipata maumivu ya mgongo na shingo yasiyoisha, na kidole gumba cha mkono wa kulia kikawa na ganzi ya kuchomachoma. Aliacha kazi, akaomba malipo ya wasio na ajira, akanyimwa kwa maelezo kwamba ameacha kwa sababu zake binafsi. Wanawake wa Ithaca, mji kilipo chuo hicho, walikusanyika Mei 1975 na kusimulia hadharani, mmoja baada ya mwingine, waliyofanyiwa kazini. Vuguvugu la kupinga unyanyasaji wa kingono kazini nchini humo lilianzia kwenye mikutano ya namna hiyo.

Je, wajua kwamba msongo wa muda mrefu unaweza kuvuruga hedhi? Ubongo ndio unaoziamuru ovari, na ukiwa kwenye tahadhari kila siku, amri hizo huweza kuchelewa au kukatika. Binti anayekwenda zahanati akilalamika kwamba siku zake hazieleweki anastahili kupimwa ujauzito, kupimwa damu, na kuulizwa taratibu, mlango ukiwa umefungwa, kama ana amani.

Hili linalofuata linaua. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na inatibika ikigunduliwa mapema. Lakini kipimo chake kinamtaka mwanamke avue nguo ya ndani, alale chali, apanue miguu, na mtu asiyemjua amguse. Kwa aliyewahi kushambuliwa kingono, hapo ndipo mwili unapogoma. Tafiti zimeonyesha kwamba wanawake waliodhulumiwa kingono huwa wagumu zaidi kwenda kwenye kipimo hiki, na wengi wakienda hupata maumivu au hofu kubwa. Huenda mwanamke asiweze kusema kwa nini hataki kwenda. Anasema yuko bize. Mhudumu anayejua hili humwambia mgonjwa kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na akiambiwa aache, anaacha.

Maneno matupu hayaumizi? Nchini Norway, Mons Bendixen na wenzake wa chuo kikuu kilichoko Trondheim waliwauliza karibu wanafunzi 3,000 wa sekondari kuhusu unyanyasaji usiohusisha kuguswa: matusi ya kingono, uvumi, picha zinazosambazwa, maneno kuhusu maumbile. Waliofanyiwa hayo walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na wasiwasi, walijithamini kidogo kuliko wenzao na kuichukia miili yao zaidi. Wasichana ndio walioathirika zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayesema "si hajakugusa?" amekosea. Kundi la WhatsApp la kidato cha nne linaweza kumuumiza msichana bila mkono wa mtu kumfikia.

Je, wajua kwamba kuutazama mwili wako kwa macho ya wanaume kunakula akili? Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo mtihani wa hesabu, wengine wakiwa wamevaa sweta na wengine nguo ya kuogelea, kila mmoja peke yake chumbani. Wasichana waliovaa nguo ya kuogelea walifanya vibaya zaidi. Wavulana haikuwaathiri. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Sehemu ya akili yao ilikuwa imekwenda kwenye miili yao. Sasa mfikirie mwanafunzi anayejibu mtihani wa mhadhiri aliyemwandikia jana usiku kwamba "umependeza leo, pita ofisini tuongee kuhusu matokeo".

Tukiwa hapohapo chuoni: Tanzania imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai tangu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote anaweza kufungwa hadi miaka 3, au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kesi hizi huenda kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU. Nasema wazi kwamba kwangu miaka 3 ni michache. Binti anayetishiwa kusapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) haishi na hofu ya siku moja. Muhula mzima halali vizuri, hali vizuri, na kila somo la mtu yule linamrudisha kwenye tishio lilelile, na hakuna ripoti ya afya ya chuo itakayoandika hayo.

Wajua yanadumu muda gani? Jijini St. Paul, Minnesota, utafiti ulianza mwaka 1988 kwa kuwachukua vijana wa miaka 14 na 15 na kuwafuatilia hadi utu uzima. Mwaka 2011 Jason Houle na wenzake walionyesha kwamba walionyanyaswa kingono mwanzoni mwa maisha yao ya kazi, wakiwa bado vijana, walikuwa na dalili zaidi za sonona hata walipoingia miaka ya thelathini.  Kazi ilikwisha zamani. Huzuni ilibaki.

Kutoka kwa vijana haohao, mwaka 2017 ilichapishwa habari nyingine: kati ya wanawake walionyanyaswa kwa kiwango kikubwa kazini, wapatao asilimia 80 walibadilisha kazi ndani ya miaka miwili. Wengine waliangukia kwenye mishahara midogo, wengine kwenye madeni. Afya na mfuko havitengani. Aliyeacha kazi ameacha na bima, na akiugua atanunua panado dukani badala ya kumwona daktari.

Na anayeshuhudia? Mwaka 1997 Theresa Glomb na wenzake walionyesha kwamba wanawake wanaofanya kazi katika kikundi ambacho wenzao wananyanyaswa hupata madhara hata kama wao wenyewe hawajaguswa. Wanajua zamu yao inaweza kufika.

Hili niliandike polepole. Nchini Sweden, watafiti waliwafuatilia wafanyakazi 86,451, wanawake na wanaume, na mwaka 2020 wakaripoti kwamba walionyanyaswa kingono kazini walikuwa na hatari ya kujiua karibu mara tatu ya wengine, na hatari ya kujaribu kujiua iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Wanaume wamo ndani ya hesabu hiyo, na nao wanastahili kusikilizwa. Kama wewe unayesoma umewahi kufikiria hivyo, usikae nayo peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha mwende pamoja kituo cha afya.

Je, wajua kwamba yanaanza mapema kuliko tunavyotaka kukubali? Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Katika wasichana na wanawake wa miaka 13 hadi 24, karibu 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Ukatili huo ulihusisha pia kushikwa mwilini bila ridhaa, jambo ambalo majumbani huishia kwenye "usimwambie mtu".

Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi kutoka mashamba ya chai ya Kericho, Kenya. Wanawake zaidi ya 70 walisema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao, na wapo waliosimulia kwamba ilikuwa hivyo au kukosa kazi. Mmoja alisema aliambukizwa virusi vya UKIMWI na msimamizi. Hapo madhara ya muda mrefu hayahitaji utafiti wa miaka 7. Ni dawa kila siku, maisha yote.

Sheria inasemaje? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 138D kilicholetwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inataja unyanyasaji wa kingono kwa maneno au vitendo, na kifungo kinaweza kufika miaka 5. Kenya, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaweka kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili. Ombeni muione.

Wajua kwamba upo mkataba wa dunia unaomtaja hata mwanafunzi wa fildi? Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani ulipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Unamlinda mfanyakazi, anayeomba kazi, anayejitolea na aliye kwenye mafunzo. Unahesabu pia ukatili unaotokea njiani, mtu akienda au kurudi kazini, na kwenye simu na barua pepe za kazi. Uganda na Rwanda waliuridhia mwaka 2023.

Je, wajua kwamba ofisi ikimgeuka mlalamikaji inamuumiza mara ya pili? Mwaka 2013 Carly Smith na Jennifer Freyd wa Chuo Kikuu cha Oregon walionyesha kwamba wanafunzi wa kike walioshambuliwa kingono, kisha chuo kikafunika au kikawalaumu, walikuwa na wasiwasi na dalili za kiwewe zaidi kuliko walioshambuliwa lakini chuo hakikuwasaliti. Barua iliyopotelea kwa afisa rasilimali watu inakaa kwenye mwili wa mtu. Tafiti nyingine zimeonyesha jambo hilohilo kwa ndugu na marafiki: "ulivaa nini?" na "ulikwenda kufanya nini huko?" huongeza kiwewe. Kama binti yako, mdogo wako au mfanyakazi wa nyumbani kwako atakuja kukueleza, anza na "pole, nimekuamini". Maswali yatakuja baadaye, tena kwa ruhusa yake.

Haraka, kwa aliyebakwa: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Usisubiri kikao cha familia kwanza. Kenya, namba ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Kwa watoto, Kenya na Tanzania, ni 116. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Na je, wajua kwamba majeraha haya yanatibika, hata pasipo daktari wa akili? Mashariki mwa Kongo, wanawake 405 wa vijiji 15 waliokuwa wamepitia au kushuhudia ukatili wa kingono na walioelemewa na dalili za kiwewe waligawanywa kwa kijiji. Wengine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja, wengine tiba ya mazungumzo ya vikundi, ambamo mwanamke hujifunza kuyachunguza mawazo kama "ni kosa langu" na kuyapima kama yana ukweli. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafunzo yalirahisishwa ili yashikwe kichwani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi, na asilimia 42 katika kundi la msaada wa mtu mmoja mmoja. Walioendesha vikundi hivyo walikuwa wanawake wa Kikongo wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa, wakiwasikiliza wenzao kwa lugha zao.